Polska Kutoka kwa Brita Hansson

Kwa miaka thelathini na minne Sixten Norrlind alilipwa mshahara wa kutoamini. Alikuwa mkaguzi wa reli hapo Bollnäs, mji mdogo wa Uswidi, na kazi yake ilikuwa kutembea kando ya njia akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, kugonga chuma na kusikiliza. Chuma kizima huimba. Chuma chenye ufa hukohoa. Wenzake walikuwa wakisema kwamba Sixten akikuta chuma kinaimba vizuri, hukigonga mara ya pili ili kuona kama kinamdanganya. Siku ya kustaafu aliirudisha nyundo stoo akatia sahihi, ila masikio hakuna aliyeyadai, akaondoka nayo.

Masikio hayo ndiyo aliyoyapeleka kila Alhamisi saa nane mchana kwenye duru ya jazi.

Duru ilikuwa ya watu wanne, katika chumba cha juu cha ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli. Chama cha elimu kilichogharamia chumba na kahawa kiliiita darasa, kwa hiyo ilibidi wawe na kiongozi, mada ya muhula na orodha ya mahudhurio. Kiongozi alikuwa Hjördis Åkvist, muuguzi mstaafu, ambaye aliandika kila kitu kana kwamba daktari angekuja kukisoma kesho yake. Wengine walikuwa Göte Wiklund, mjane aliyeuza rangi za nyumba maisha yake yote, na Ylva Sandin, mwalimu wa muziki, mdogo wao, mwenye miaka arobaini na mmoja.

Mada ya muhula huo ilikuwa jazi mpya ya Ulaya inayochota kwenye muziki wa kienyeji. Ylva aliipendekeza. Sixten peke yake aliipinga, na Hjördis akaliandika hilo pia.

Utaratibu wao haukubadilika. Mwenye zamu aliileta santuri ndani ya foronya, akaiweka kwenye mashine bila kuonyesha jalada. Walisikiliza kimya. Kisha kila mtu aliandika kwenye kikaratasi anadhani ni watu wa nchi gani, wanapiga nini, na wanastahili alama ngapi kati ya tano. Baada ya hapo vikaratasi vilisomwa kwa sauti, na hapo ndipo amani ilipokwisha.

"Norwei," Göte alisoma Alhamisi moja ya mwanzo wa Machi. "Nimejua kabla saksafoni haijavuta pumzi ya pili. Mtu kapanda mlimani, kapotea, anamwita mbuzi wake. Mbuzi haji. Dakika tisa nzima mbuzi haji. Alama mbili, moja ni ya mbuzi."

"Ni Waestonia," Ylva alisema, akilivuta jalada kutoka kwenye foronya. Zamu ya kwanza siku hiyo ilikuwa yake.

"Basi mbuzi kavuka bahari, ndiyo maana hasikii."

"Göte, wewe ukisikia mtu anapiga polepole unadhani amepotea. Huo ni wimbo wa kuchungia, una miaka mia tatu. Wameuacha upumue."

"Wameupa mwangwi," Sixten alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa hajakisoma kikaratasi chake bado. Alikuwa amekikunja mara nne.

"Mwangwi wa nini tena?" Ylva aliuliza.

"Wamerekodi ndani ya kanisa tupu. Uondoe mwangwi, unabaki na noti nne. Mtu anayeficha noti nne nyuma ya ukuta wa kanisa ana jambo lingine analificha."

"Jambo gani, mzee wangu? Bangi?"

"Kwamba hajawahi kuchezesha watu hata siku moja. Muziki huu ulikuwa wa miguu. Hawa wanaupiga kama wanaokagua maiti."

"Na wale Wapolandi wa wiki iliyopita? Wale walitoka jasho, ulisema mwenyewe."

"Walitoka. Yule wa fidla alipiga kama mtu anayekimbilia basi. Niliwapa nne."

"Ukaandika pembeni," Hjördis alisema akifunua daftari lake, "'nne, ila nawashuku.'"

Göte alicheka hadi akamwaga kahawa. Hjördis alimpa kitambaa bila kumtazama, akainuka kwenda kwenye mashine, kwa kuwa zamu ya pili ilikuwa yake.

Ilianza klarineti peke yake, chini kabisa, karibu na sakafu. Ikaja besi. Ngoma ilikuja mwisho, kwa brashi, kana kwamba mtu anafagia theluji kwenye ngazi za jirani ili asimwamshe. Ilikuwa polska, ngoma ile ya kuzunguka wawili wawili, yenye mapigo matatu ambayo hakuna wawili wanaoyagawa sawasawa. Sixten aliinua kalamu aandike neno mwangwi. Kisha klarineti ikafika sehemu ya pili, ikasimama mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angesimama, kama mguu unaotafuta ngazi gizani, ikaipata, ikashuka.

Kalamu haikuandika kitu.

Aliijua ngazi ile. Mama yake, Elna, alikuwa akiimba polska hiyo bila maneno katika chumba cha kufulia huko Östansbo, mlango ukiwa umefungwa, maji yakichemka, Sixten mtoto akiwa amekaa juu ya kapu la nguo. Mlango ulifungwa kwa sababu baba yake Sixten alikuwa mhubiri katika nyumba ya misheni, na kwa watu wa misheni ngoma ya kucheza ilikuwa dhambi, iwe inachezwa au inaimbwa au inavumishwa puani. Mama aliiimba hapo tu. Mara moja tu katika maisha yake, mwaka 1984, mumewe akiwa amekufa na yeye mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani, alikubali Sixten ainase kwenye kaseti. Mwaka uliofuata alifariki.

"Tuanze na nani?" Hjördis aliuliza santuri ilipokwisha.

"Mimi," alisema Göte. "Ni Waswidi, na nawapa tano. Sina la zaidi."

Huyu Göte hakuwa amempa mtu tano tangu duru ianze. Sixten alimtazama shingoni, mahali ambapo kola ilimbana, akaona pamekuwa pekundu.

Jalada lilipotolewa lilipita mikono yote. Watu watatu wa Stockholm: klarineti, besi, ngoma. Sixten alivaa miwani akatafuta. Katika muziki huo wa kale hakuna anayesema wimbo ni wa fulani. Huandikwa umetoka kwa nani, yaani mdomo au mkono wa mwisho uliouhifadhi. Jina hilo moja dogo ndilo kumbukumbu pekee ambayo mtu wa kawaida huachiwa. Na hapo, kwa herufi ndogo, iliandikwa: *Polska kutoka kwa Brita Hansson, Östansbo.*

Brita Hansson alikuwa muuza mayai.

Sixten alilirudisha jalada mezani taratibu, kingo zikilingana na kingo za meza. Alipoulizwa kikaratasi chake alisema leo hana maoni. Hjördis aliandika hivyo, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi na alichokiandika.

Wiki nzima Sixten alikagua. Alikuwa na daftari ambamo kila kitu kilichotoka nyumbani kwake kiliandikwa siku kilipotoka na siku kiliporudi: ngazi, msumeno, kitabu. Kaseti ya mama ilikuwa imetoka mara moja tu. Majira ya baridi ya mwaka juzi ilikwenda kwa Göte Wiklund, ambaye alikuwa na mashine ya kuhamishia kaseti kwenye kompyuta, ikarudi baada ya siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa, kwa kaseti ya dakika arobaini! Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakulihitaji daftari. Marehemu mke wa Göte, Anna-Stina, alikuwa mpwa wa Brita Hansson.

Aliligeuza hili akiwa amelala na akiwa amesimama. Mtu anataka kuwapa vijana wa Stockholm wimbo mzuri ili aonekane wa maana. Hawezi kutaja ulikotoka, kwa hiyo anachukua jina la shangazi wa mkewe, maiti asiyeweza kukana. Sixten aligonga, akagonga tena. Kila alipogonga, kilikohoa.

Alhamisi iliyofuata alisubiri kahawa imiminwe na maandazi ya mdalasini yagawiwe.

"Göte," alisema, "kaseti ya mama yangu ulimpa nani?"

"Kaseti gani?"

"Unaijua."

Göte aliweka andazi chini. "Nilikupa wewe. Nani mwingine?"

"Ulikaa nayo siku kumi na tisa."

"Nilikuwa na mafua, bwana! Ulitaka niikoholee?"

"Na jina la Brita lilifikaje Stockholm? Liliondoka hapa kwa miguu?"

"Jamani," alisema Ylva, "kuna nini?"

Sixten aliwaeleza. Alieleza kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, kama ripoti ya ajali. Aliwaambia wimbo ule ni wa mama yake, kwamba hakuna mwingine aliyeujua, kwamba jina lililoandikwa ni la uongo na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na njia ya kuufikisha huko. Alipomaliza, Göte alikuwa amesimama na koti mkononi.

"Miaka kumi na minane nakaa karibu na wewe kila wiki," Göte alisema. "Umenishuku kwa kula maandazi mawili. Umenishuku kwa kupenda saksafoni za Wadenmaki. Nikacheka, kwa sababu wewe ni wewe. Lakini kumwibia mama wa mtu..." Alihangaika na zipu. "Hjördis, niandike nimehudhuria nusu."

"Hakuna nafasi ya nusu," Hjördis alisema kwa huzuni.

"Basi nifute."

Walisikia viatu vyake ngazi zote, hadi mlango wa chini.

"Sixten," Ylva alisema, "na kama umekosea?"

"Nitawaandikia hao wa klarineti. Watasema wenyewe."

Aliwaandikia jioni hiyo hiyo, ukurasa mmoja, bila salamu nyingi. Majibu yalikuja baada ya siku nne kutoka kwa mpiga klarineti, msichana aitwaye Tuva Rehn. Sixten alitarajia maneno ya wakili. Badala yake Tuva alimshukuru. Alisema wimbo waliupata kwenye hifadhi ya sauti ya taifa, umerekodiwa Östansbo mwaka 1962, na ameambatisha rekodi. Kama jina ni kosa wangefurahi kulirekebisha. Toleo la pili la santuri lilikuwa linakwenda kiwandani Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwa hiyo amwandikie kabla ya hapo jina lililo sahihi. Na tarehe kumi na mbili Aprili wangekuja kupiga Bollnäs. Je, angekuja?

Kwanza Sixten alishuku rekodi. Sauti siku hizi hutengenezwa. Alikaa jikoni asubuhi, akaweka vifaa vya kusikilizia masikioni, akabonyeza.

Saa ya ukutani ilisikika. Kijiko kwenye sahani. Halafu mama yake, mwenye miaka thelathini na minne, mdogo kuliko Ylva, akaimba.

Hakuna mtu ambaye angeweza kuitengeneza sauti ile. Aliisikiliza hadi mwisho huku mikono ikiwa mezani. Wimbo ulipokwisha, mwanamume mwenye lafudhi ya mjini aliuliza, "Vizuri sana. Na jina la mwimbaji?" Pakawa kimya. Kiti kikasogezwa. Kisha sauti nyingine, nzito, ya mwanamke mwingine, ikasema, "Andika Brita Hansson." Na baada ya hapo, kabla mashine haijazimwa, wanawake wawili wakawa wanajizuia kucheka na wanashindwa.

Sixten alivua vifaa masikioni. Göte hakuwa ameiba chochote. Jambo hilo lilimwingia polepole, na lilipokuwa bado linaingia, shuku yake ilishatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Kumbe mwizi ni Brita mwenyewe. Amekaa jikoni, amesikia mwenzake anaimba, amejitajia jina.

Brita alikuwa ameacha binti mmoja, Ingalill, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na sita na aliishi ghorofa ya kwanza karibu na uwanja wa barafu. Sixten alimkuta mbele ya televisheni akitazama mpira wa magongo, skafu ya timu shingoni, ndani ya nyumba yenye joto.

"Sixten wa mhubiri!" alisema. "Kaa, lakini usinizibie. Dakika ishirini zimebaki."

Alikaa. Alieleza alichokuja nacho, kwa kifupi, na mwisho akasema kwamba haelewi kwa nini Brita alichukua jina ambalo halikuwa lake.

Ingalill aligeuka. Timu yake ilikuwa inashambulia na bado aligeuka.

"Alichukua? Nilikuwepo, kijana. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa namenya viazi. Mama yako alikuja kwa mlango wa nyuma kwa sababu alikuwa amesikia yule bwana wa mashine yuko kwetu. Alitaka kuimba mara moja tu, mtu asikie. Akaimba. Bwana akauliza jina, mama yako akawa mweupe kama hilo barafu. Mke wa mhubiri! Mama yangu akasema, andika langu. Wakacheka kama wasichana."

"Basi ilikuwa utani tu."

"Ilikuwa utani mpaka redio ilipouchukua." Ingalill alipunguza sauti ya televisheni. "Mwezi wa pili uliofuata, saa ya kahawa, wilaya nzima ikasikiliza. Brita Hansson wa Östansbo. Naye alikuwa mtu wa misheni vilevile, alikaa huko nyuma, karibu na mlango. Jumapili baba yako akahubiri. Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Mama yako alikaa mstari wa pili akaimba tenzi zote. Wiki hiyo hiyo wakamwambia mama yangu asije tena kwenye kikundi cha kushona. Na wakaacha kununua mayai."

"Wote?"

"Wote. Mwenyekiti wa kikundi alisema, mbona sauti ile inafanana na ya Elna? Mama yangu akamwambia, sisi wa bonde hili wote tuna mafua yale yale. Akaondoka. Hakurudi."

Sixten alitazama wachezaji wadogo wakikimbizana bila sauti.

"Na mama yangu hakusema chochote?"

"Angesema nini, aliyelala kitanda kimoja na baba yako? Kila Ijumaa alikuja mlango wa nyuma akachukua mayai thelathini. Kila Ijumaa, miaka na miaka. Nyumbani mlikuwa watatu. Wewe ulikula mayai mangapi utotoni?"

Alifikiri. "Asubuhi mawili. Mchana kwenye mkate. Jioni na viazi."

"Na sasa?"

"Siwezi hata kuyatazama."

Ingalill alicheka, akajifuta macho kwa skafu. Sixten alimwambia kuhusu santuri, na Ijumaa, na jina ambalo alitakiwa kuliandika. Alimwuliza afanye nini.

"Unaniuliza mimi? Wote wawili wamelala makaburini, hawagombani. Andika utakacho." Akaongeza sauti ya televisheni. "Tumefungwa, unaona? Nimegeuka kidogo tu."

Njiani kurudi theluji ilikuwa imelainika na viatu vililowa. Katika miaka yote kule reli Sixten hakuwa ametia sahihi karatasi hata moja isiyo ya kweli. Kulikuwa na mabosi waliomchukia kwa hilo. Ukweli ulikuwa mwepesi: sauti ni ya Elna Norrlind, jina liandikwe Elna Norrlind. Aliusema kwa sauti barabarani na ukasikika mzima. Kwa mazoea akaugonga mara ya pili. Nani angefurahi jina hilo likiandikwa? Mama hakutaka, hata alipoimbia kaseti alisema, *hii ibaki humu ndani*. Mwenye kufurahi angekuwa mwanawe, akipitisha jalada mezani Alhamisi. Na Brita? Brita alisimama chini ya jina lake mwenyewe mvua ya mawe ilipokuwa inanyesha. Sasa jua limetoka, watoto wa Stockholm wanalipigia klarineti, na mtu anataka kuja kumwambia ondoka hapo, si pako.

Hakufika kwenye uamuzi. Alifika kwa Göte.

Göte alikuwa uani, anapiga plasta mpini wa koleo. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Sema kwa sauti. Sikio la upande huu ni bovu."

"Nimekosea, Göte. Hukutoa kaseti. Nilikusingizia mbele ya watu, na nitalisema mbele ya watu hao hao."

"Na Hjördis aandike."

"Aandike."

Göte alizungusha plasta mara moja zaidi kuliko ilivyohitajika. "Zile siku kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa na mafua siku nne tu. Zilizobaki nilikuwa naisikiliza. Anna-Stina alikuwa ametoka kuzikwa, nyumba ilikuwa kimya mno. Nilimweka mama yako aimbe jikoni. Sikukuambia, niliona aibu." Alikohoa. "Siku ile Hjördis alipoiweka santuri niliijua kwenye ile ngazi. Nikatoa tano, nikakaa kimya nikingoja wewe useme, maana ni mama yako. Nawe ukasema huna maoni."

Walikwenda ndani. Sixten alimsimulia yote, jikoni, mlango wa nyuma, mahubiri, mayai. Göte alisikiliza bila kutia utani hata mmoja, jambo ambalo lilimtia Sixten hofu kidogo.

"Kwa hiyo utawaandikia nini?"

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi niliuza rangi, Sixten. Usiniulize habari ya kilicho chini yake."

Alhamisi alisimama mbele ya meza akaomba radhi, na Hjördis akaandika neno kwa neno, na Göte akamtaka asome tena kifungu cha pili kwa sababu alikipenda. Ylva alitaka kujua wimbo basi ni wa nani. Sixten alisema kwamba rekodi ni ya hifadhi, ya mwaka 1962, na kwamba yeye alikuwa amekosea. Alikuwa na masikio mazuri, huyu Ylva, na alijua kwamba jibu lile lilikuwa na mlango uliofungwa ndani yake. Lakini alimimina kahawa.

Kesho yake asubuhi Sixten aliandika barua kwa Tuva Rehn. *Nimechunguza. Jina liachwe kama lilivyo. Brita Hansson, Östansbo.* Aliisoma mara tatu. Kisha akatia sahihi, kwa jina lake lote, na mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya kurudisha nyundo.

Tarehe kumi na mbili Aprili, Jumamosi saa tisa mchana, ukumbi wa reli ulijaa. Ylva alikuwa amekuja na wanafunzi wake wote. Ingalill aliletwa kwa teksi akaketi mstari wa mbele, skafu ikiwa shingoni, kwa sababu timu ilikuwa imeshindwa fainali na hakutaka mtu adhani anaona haya. Watatu wa Stockholm walipiga saa nzima. Göte alinong'ona kwamba ngoma ina ukungu mwingi. Sixten alinong'ona kwamba besi inaficha kitu. Ylva, nyuma yao, aliwaambia nyamazeni, wazee nyie.

Kisha Tuva akashusha klarineti.

"Huu wa mwisho tumeupata kwa mwanamke wa hapa hapa kwenu," alisema. "Hatukubahatika kumwona. Alikuwa na sauti ambayo sijasikia nyingine kama hiyo. Ni polska kutoka kwa Brita Hansson."

Watu wakapiga makofi. Yakaendelea muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu wengi waliwahi kununua mayai kwake, au wazazi wao waliwahi kuacha kununua. Yalipokuwa yanapungua, sauti ya kizee ikatoka mstari wa mbele, kavu na yenye nguvu:

"Mama yangu? Hakuweza kuimba hata kidogo, yule! Paka walikuwa wanahama!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tuva alicheka pia, akainama kwa heshima kumwelekea, akidhani ni utani wa binti anayejivuna. Göte alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akipiga goti, makusudi, mpaka hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuuliza jambo.

Ingalill aligeuka akamtafuta Sixten kwa macho, juu ya vichwa. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa unacheka. Sixten aliitikia kwa kichwa kidogo, mara moja, kama mtu anayempa dereva ruhusa ya kuondoka.

Klarineti ilianza chini, karibu na sakafu.